Kuku wa Katogota na Magamba ya Bahari ya Baridi

Kwenu majirani zangu wa Songo, hapa Uvira, na hasa wewe shemeji uliyeniuliza mara tatu mbele ya wauza ndagala: ndiyo, ni kweli nilitumia siku tisa kufika Bujumbura. Najua ni kilomita chache. Najua ukipanda kilimani nyuma ya nyumba yangu, siku isiyo na ukungu, unauona mji wenyewe ng'ambo ya kona ya ziwa. Sikupotea njia, sikuoa mke wa pili, na ule uvumi kwamba niligeuka mpiga ramli huko Katogota nitaueleza zamu yake ikifika. Nimechoka kusimulia mmoja mmoja, maana kila mara kuna anayecheka kabla sijafika penye kuchekesha. Kwa hiyo naandika, nanyi msomeane.

Habari za vibali na mihuri nitaziruka. Hakuna asiyeyajua makaratasi ya wakati wa vita.

Nilichobeba

Mimi ni fundi wa maabara ya ziwa. Kazi yangu ni kuokota. Naokota magamba madogo kutoka kwenye tope kwa brashi yenye unywele mmoja, nayapanga juu ya vibao vya karatasi ngumu vilivyogawanywa vyumba vyumba, kila chumba na namba yake. Mkono wangu hautetemeki. Sisemi kwa majivuno. Au tuseme nasema kwa majivuno, nimestahili.

Aliyenifundisha ni Madame Ingrid, ambaye kabla ya vita alikaa hapa Uvira akichunguza magamba ya ziwa letu. Vita vilipoanza alirudi kwao kaskazini, kwenye bahari ya baridi ambayo chini yake kabisa, gizani, kuna miamba ya matumbawe. Matumbawe ni vinyama vinavyojijengea mawe na kuishi humo. Huko akakutana na kinyama kingine cha ajabu, na kwa kuwa hakupata mkono kama wangu kwao kote, akanitumia mikebe miwili ya vipande vyenye vinyama hivyo, kupitia mtu aliyekuwa anakuja huku.

Kinyama chenyewe hakina kichwa wala mguu. Mwili wake ni tone la ute, na gamba lake, hata la yule aliyenenepa kuliko wote, halizidi punje ya ulezi. Ni kimelea. Kinakaa juu ya chaza au juu ya matumbawe, kinachimba shimo kwenye gamba la mwenyeji wake, kinamla polepole, na huku nje kinajijengea gamba lake jeupe jeupe, la chokaa.

Nilipokwisha kuokota vya kutosha niliona jambo. Aliyechimba shimo kubwa ana gamba nene. Aliyechimba kidogo ana gamba jembamba. Nikamwendea Docteur, mkuu wetu, nikamwambia, "Docteur, hawa hawachoti chokaa kwenye maji ya bahari. Wanajenga kwa tofali za mwenye nyumba."

Docteur hakuinua macho. "Kashindi," akasema, "kazi yako ni kuokota. Kufikiri kuna watu wake."

Maneno hayo yaliniuma miezi mingi. Mwishowe nikamwandikia Madame Ingrid. Akajibu kwamba kwao kuna mashine inayopima chokaa na kujua imetoka wapi. Chokaa ya chaza na chokaa ya matumbawe hazifanani. Kama vimelea wangu wanajenga kwa mali ya wenyeji wao, basi waliokaa kwenye chaza watatofautiana na waliokaa kwenye matumbawe. Kama wanachota majini, watakuwa sawa wote, kwa sababu maji ni yale yale. Akaandika: nitakuwa Bujumbura wiki mbili kwa mkutano, naondoka Jumamosi ya pili, niletee vibao viwili, kimoja cha chaza, kimoja cha matumbawe, na usivichanganye.

Nilikuwa na miaka hamsini na miwili, na kwa mara ya kwanza mtu alitaka kujua kama nilichofikiri kilikuwa kweli. Hicho ndicho nilichobeba ndani ya mkebe wa biskuti, Alhamisi ya wiki ya kwanza asubuhi, nikamuaga mke wangu na kumwambia nitarudi kesho yake.

Kavimvira, siku mbili bila kuvuka

Kizuizi cha mpakani kilikuwa kimefungwa. Kwa nini, hakuna aliyejua. Mmoja alisema kuna mapigano upande wa pili, mwingine akasema kuna mkubwa atapita, wa tatu akasema ufunguo umepotea, na huyu wa tatu ndiye aliyeaminiwa na wengi.

Nilikaa juu ya jiwe karibu na mama mmoja mwuza nyanya aitwaye Mama Faida, ambaye kila siku huvuka na beseni mbili. Nyanya zake zilikuwa zinaiva kwa kasi. Kila baada ya saa moja alikuwa akizikagua, anazitoa zilizolainika, na kunilazimisha nizile. Siku ya kwanza nilikula nyanya kumi na nne na bugali wa muhogo. Siku ya pili sikuhesabu tena, tumbo lilihesabu lenyewe.

"Papa," akaniuliza, "na weye unapeleka nini? Iko inaoza?"

"Haiozi, Mama. Ilikufa zamani."

Akasogeza beseni zake mbali kidogo. Nikamweleza habari za kinyama na mashine. Alisikiliza vizuri, akakubali kila kitu, halafu akauliza kama kinafaa kukaangwa.

Ijumaa jioni yeye mwenyewe aliamua mambo yangu. "Hapa hawatafungua leo wala kesho. Panda juu, pitia Kamanyola, vuka daraja, uingie Rwanda pale Bugarama, halafu ushuke Burundi mpaka Bujumbura."

"Mama Faida! Huko ni kuzunguka dunia."

"Na hapa ni kukaa juu ya jiwe," akasema. "Chagua."

Juu ya magunia ya ndagala

Jumamosi nilipata lori la ndagala lililokuwa linaelekea Kamanyola. Dereva aliitwa Dunia, mtu mnene mwenye sauti ndogo, aliyenipandisha juu ya magunia kwa sababu kiti cha mbele kilikuwa kimekaliwa na betri. Ndagala, dagaa hawa wa ziwa letu, wakikauka wana harufu ambayo mwanzoni unaipenda. Kufikia Sange nilikuwa sijui tena kama inatoka kwao au kwangu.

Mahali fulani kwenye bonde la Ruzizi, jina la mahali siandiki, tulisimamishwa na askari. Wa jeshi gani, nalo siandiki, maana siku zile yalikuwa mengi na yote yalisimamisha malori. Walikuwa wamekaa mbele ya nyumba ya mtu. Nguo zao zilikuwa zimeanikwa kwenye ua wake, na mwenye nyumba alikuwa anawapikia maharagwe huku akitazama chini.

Mkubwa wao akaona mkebe. "Iko nini mule ndani? Koltani ama dhahabu?"

"Hapana, chef. Ni magamba ya binyama."

"Fungua."

Nikafungua, nikampa na lupu yangu, kile kioo cha kukuzia ninachovaa shingoni. Akatazama kwa muda mrefu. "Tunyama twa wapi hutu?"

"Twa bahari ya baridi, chef."

"Tule tunyama tunafanya kazi gani?"

Hapo ningesema tu sijui, ningepita salama. Lakini nyinyi mnanijua, nikiulizwa habari za kazi yangu sijui kufupisha. Nikasema, "Kanyama hakana kazi, chef. Kanaingia mu nyumba ya mwingine, kanatoboa ukuta, kanakula mwenye nyumba polepole, na kanajenga yake na mali ya ule mwenye nyumba."

Mwenye nyumba aliacha kukoroga maharagwe. Askari mmoja akatazama nguo zake zilizoanikwa. Yule mkubwa akaishusha lupu.

"Weye uko unasema nani?"

"Nasema kanyama, chef."

"Nani alikutuma kusema ile?"

Nikaanza kumweleza Madame Ingrid ni nani, na kama Dunia asingeruka chini, huenda leo ningekuwa nawaeleza malaika. Alikuja akinishika mkono kwa huruma. "Chef, musamehe muzee. Kichwa yake iko mubovu. Tunamupeleka kwa ndugu zake bamufunge."

Askari wote wakaanza kupumua. Yule mkubwa akanirudishia mkebe kwa mikono miwili, kwa upole kabisa, akaniongezea na muhogo wa kuchoma.

Niliula ule muhogo kwa hasira. Mwendo mrefu sikumsemesha Dunia, halafu nikagonga paa la lori na kumwambia mimi si kichaa. Akapaza ile sauti yake ndogo kutoka dirishani: "Ulitaka kuwa na akili ubaki pale?"

Baadaye kidogo ikanyesha mvua kubwa. Lori likazama kwenye tope mpaka nusu ya magurudumu, tukalala humo. Kesho yake, Jumapili, tulivutwa na ng'ombe, na jua likizama tukafika Katogota tukiwa na rangi moja na barabara. Dunia alikuwa na shangazi yake pale, Mama Nabintu, akaniacha kwake akaendelea kutafuta mafuta.

Katogota: kosa langu

Hapa nitasema wazi kwamba kosa ni langu, si la kuku.

Tangu vita vianze gundi yetu ya maabara iliisha. Mimi nilikuwa napika wanga wa muhogo, mwepesi, naubandikia magamba. Unashika vizuri mradi pawe pakavu. Jumatatu asubuhi nilipofungua mkebe nilikuta maji yameingia. Wanga umelainika, magamba yanaanza kuelea vyumbani mwao. Nikaviweka vibao viwili juu ya ungo uani, nikavifunua juani vikauke, nikamwomba Mama Nabintu maji ya kunawa. Niligeuza mgongo kwa muda wa kunawa uso.

Nilipogeuka, kuku mwekundu alikuwa amesimama juu ya ungo.

Alikuwa anaokota. Nasema kama fundi: alikuwa anaokota vizuri. Kichwa kinashuka, gamba linapanda, kichwa kinashuka, gamba linapanda, chumba baada ya chumba, bila kuharibu kibao. Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo. Akaruka akaniachia manyoya mawili na kibao cha chaza kilichobaki na magamba saba. Kibao cha matumbawe hakukigusa kabisa.

Saba tu. Madame alikuwa amesema mashine haitoshelezwi na wachache. Bila kibao cha chaza hakuna cha kulinganisha, na bila kulinganisha, Docteur atabaki na maneno yake na mimi nitabaki na brashi yangu. Nilikaa chini kwenye tope, na siwafichi, machozi yalinitoka.

Mama Nabintu alikuja akitimua mbio na mwiko mkononi, akidhani nimeumwa na nyoka. Nikamweleza. Wala hakushangaa.

"Ile kuku iko inatega mayai," akasema. "Inatafuta magamba. Minye nazitwangiaka za konokono za ku Ruzizi. Wiki hii sikuzitwanga, niko na mambo ya wageni. Kuku asipokula gamba, yai lake linatoka na ngozi tu, unalishika linabonyea. Ganda la yai unazania inatoka wapi? Mu hewa?"

Nilimtazama. Nilikuwa nimegombana na Docteur zaidi ya mwaka mzima juu ya jambo ambalo mama huyu alilijua kwa kutazama mayai yake. Nikamweleza na mashine ya Ulaya, na kwamba itapima ili ijue kama kimelea anajenga gamba kwa gamba alilokula. Akakunja uso.

"Sasa ile mashini itasema nini yenye kuku haiyasema?"

Hapo nikapata wazo. Kuku akimeza, chakula hakiendi tumboni moja kwa moja. Kinakaa kwanza kwenye gole, kile kifuko cha shingoni, kabla ya kushuka kwenye firigisi kinakosagwa. Magamba yangu yalikuwa bado shingoni mwa yule kuku, mazima. Yatakaa humo saa chache tu.

"Mama," nikasema, "huyu kuku lazima achinjwe sasa hivi."

Mama Nabintu akasimama wima. "Ile? Haiwezekani."

Wakwe wanaletwa siku moja kabla

Kumbe kuku yule alikuwa na miadi. Binti yao, Nabintu, alikuwa anaposwa, na wakwe walikuwa wanakuja kesho yake, Jumanne. Yule mwekundu ndiye alipangwa kwa ajili ya baba wa bwana harusi, na firigisi yake, kama mjuavyo, ni ya mkubwa wa wageni. Huwezi kumwekea mkwe firigisi iliyolala. Kuku wengine waliobaki walikuwa vifaranga na jogoo mmoja mzee wa jicho moja ambaye, nilielezwa, akipikwa sufuria ndiyo inaiva kwanza.

Baba wa nyumba, Papa Nabintu, alirudi kutoka shambani akatukuta tukibishana, na Nabintu mwenyewe amemshika kuku kwapani. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alisikiliza pande zote mbili, akamtazama kuku, akanitazama mimi nilivyojaa tope na machozi.

"Ile kazi yako," akauliza, "ikipotea, unaweza kuifanya tena?"

"Siwezi, Papa. Yule Madame wa mashine anaondoka Jumamosi."

Akafikiri. "Kuku haiwezi kungoya wakwe. Basi wakwe waitwe leo."

Mama Nabintu alitoa sauti ambayo siwezi kuiandika. Lakini mumewe alikuwa amekwisha kupanda baiskeli kwenda kuwaita, wao wakiwa ni wa kijiji cha jirani. Kwa hiyo andikeni mahali kwamba posa ya Katogota ilisogezwa mbele siku moja kwa ajili ya vimelea wa bahari ya baridi.

Kuku akachinjwa. Nabintu alipasua gole kwa uangalifu, akalimimina juu ya ungo: mahindi, mchanga, vichwa vya ndagala, majani, na humo ndani magamba yangu meupe. Nilitaka kuokota kwa brashi, lakini mikono yangu, hii mikono niliyoisifu, ilikuwa inatetemeka. Mama na binti wakaniondoa. Watu wa bonde lile hulima mpunga, na mwanamke aliyekulia kwenye mpunga huuchambua mchele huku anaongea na anatazama mlango. Mama Nabintu alitikisa ungo mara mbili, vizito vikaenda upande wake, vyepesi upande wangu, na Nabintu akayachukua magamba moja moja kwa ncha ya unyoya wa kuku yule yule, uliolowanishwa kwa mate. Nimefanya kazi hii tangu ujana. Sijaona mkono kama ule.

Tulikuwa tumeinama hivyo, vichwa vitatu juu ya ungo wenye matumbo ya kuku, mimi nimevaa lupu jichoni na kunong'ona namba, wakati wakwe walipoingia uani.

Mtaelewa walichokiona. Huko kwetu kuna wapiga ramli wanaosoma matumbo ya kuku kujua kama ndoa itakaa au itavunjika. Na baba wa bwana harusi, Mzee Zakaria, hakuwa mtu tu. Alikuwa mzee wa kanisa la Kiprotestanti, mwenye koti, Biblia kwapani, na kwaya nzima nyuma yake.

"Shetani ashindwe!" akasema, na kwaya ikaitika.

"Sivyo, Baba mkwe," Papa Nabintu akaanza.

"Minye nimeitwa mbiombio, nikafikiri ni heshima. Kumbe muko munaleta mufumu aangalie kama mutoto wangu anafaa!"

Nikasimama kumweleza. Nilisema mimi si mfumu, mimi natafuta vinyama vya bahari ya baridi vilivyomezwa na kuku. Nikisikiliza sasa nilivyosema, hata mimi nisingeamini. Mzee Zakaria aligeuka aondoke. Mama Nabintu akashika kichwa. Nabintu, ambaye tangu asubuhi hakuwa amelalamika hata mara moja, alianza kulia kimyakimya na unyoya wake mkononi, na hapo niliona aibu kubwa kuliko ya wakati wowote. Nilikuwa nimekuja na mkebe wangu nikaharibu posa ya binti wa watu.

Nikavua lupu, nikamkimbilia Mzee Zakaria. "Mzee, usinisikilize mimi. Angalia mwenyewe. Mara moja tu, halafu uende."

Akanitazama kama mtu anayepewa sigara. Lakini nadhani udadisi ni udadisi hata kanisani. Akainama juu ya ungo, akaweka kioo jichoni, na Nabintu akamsogezea gamba moja kwenye ncha ya kidole.

Alikaa hivyo muda mrefu sana. Kwaya ikaanza kuhamahama miguu. Gamba lile, kwa wale ambao hamjaliona, ni jeupe, limezungushwa vizuri, na chini lina mrija mwembamba aliochimbia.

"Na hii," akauliza bila kuondoa jicho, "iko na uhai ndani?"

"Ilikuwa nao, Mzee. Tone moja."

"Na ilijijengea peke yake? Haina mikono?"

"Haina."

Halafu akasema, kwa sauti nyingine kabisa, "Mungu iko na muda ya kufanya bitu bidogo namna hii, na sisi tuko na haraka." Akavua koti. "Yamebaki mangapi kutafutwa?"

Naapa kwenu, kwaya nzima ilikaa chini kuzunguka ule ungo. Mkubwa wa sauti ya nne alipata magamba matano peke yake. Tuliokoa arobaini na moja, nikayaweka kwenye kipande cha bahasha mbali na yale saba, kuku akaenda sufuriani, na posa ikaendelea.

Firigisi alipewa Mzee Zakaria. Katikati ya hotuba ya Papa Nabintu aliacha kutafuna, akatia vidole mdomoni, akatoa kitu, akakifuta kwa leso na kunipa kwa heshima zote. Lilikuwa nusu ya gamba, limekwisha kusagwa, halifai kwa lolote. Nilimshukuru na kulitia mfukoni, ningefanyaje. Posa ilikubaliwa.

Daraja, Bugarama, na kushuka

Jumanne nilipanda nyuma ya baiskeli mpaka Kamanyola. Pale darajani nilingoja mpaka Jumatano, na hakuna cha kusimulia isipokuwa mwendesha baiskeli aliyekwisha kumweleza kila mtu kwamba mimi ni mfumu wa kuku, hivyo wanawake watatu waliniletea kuku wao niwatazame. Nilikataa kwa ukali. Mmoja wao aliniachia mayai ya kuchemsha kwa sababu, alisema, mfumu wa kweli hukataa kwanza.

Bugarama nilinyeshewa tena, lakini safari hii mkebe ulikuwa ndani ya shati langu. Alhamisi nilivuka kuingia Burundi, nikalala Cibitoke kwa watu walionilisha maharagwe na ndizi bila kuniuliza swali hata moja, na nilitamani kuwakumbatia. Ijumaa mchana nilishuka Bujumbura. Niligeuka nikatazama ng'ambo ya ziwa. Milima yetu ilikuwa pale pale, na Songo chini yake.

Bujumbura: swali moja

Madame Ingrid alikuwa kwenye nyumba ya wageni, amekwisha kufunga mizigo. Amezeeka kidogo. Mimi nadhani nilikuwa nimezeeka zaidi, kwa siku tisa. Alinikumbatia na harufu yangu yote ya ndagala.

Nikaweka vibao mezani. Alivitazama kwa kioo chake, akatabasamu, akatazama kile kipande cha bahasha.

"Na hivi, Kashindi? Vimegusa chochote?"

Njia nzima kutoka Katogota nilikuwa nikijua ataniuliza. Nilikuwa nimeandaa jibu zuri: maji ya mvua tu. Mashine inapima chokaa kidogo mno, na chochote kilichoshikana na gamba kinaweza kuipotosha. Nikisema kweli, anaweza kuvitupa arobaini na moja vyote, na saba ni wachache. Nilitaka sana niwe nimesema kweli kuhusu wale vimelea.

"Vimemezwa na kuku," nikasema. "Vikakaa kwenye gole. Vikatolewa kwa unyoya na mate."

Nikamweleza yote, mpaka kwaya. Alianza kucheka mahali pa Mzee Zakaria, akacheka mpaka akakaa kitandani, mimi nimesimama nimekunja mikono, maana sikuona cha kuchekesha. Alipomaliza alifuta macho, akachukua kalamu, akaandika kwenye bahasha: *vya chaza, kupitia kuku, vioshwe na kupimwa peke yake*. Akasema kama vya kuku vitakubaliana na vile saba safi, atavihesabu. Visipokubaliana, atavitupa na kuandika kwa nini.

"Hata hivyo siwezi kukuahidi kitu," akasema.

"Sikukuomba," nikamjibu, na huo ulikuwa uongo pekee niliomwambia.

Songo

Kizuizi cha Kavimvira kilikuwa kimefunguliwa. Nilirudi nyumbani kwa muda usiofika nusu siku, na mke wangu hakunisemesha mpaka jioni.

Yaliyofuata mliyaona, lakini najua hamkuyaelewa, ndiyo maana naandika. Miezi ikapita. Siku moja akaja mtu wa misheni kuniambia naitwa kwenye fonii, redio yao ya kuongea na watu wa mbali. Nyote mnajua fonii ile ya misheni huita watu kwa nini. Siku zile redio ile ilikuwa haina kazi nyingine: kaka amekufa Fizi, mtoto amepotea njia ya Bukavu. Mke wangu alijifunga kitenge kiunoni bila kusema neno. Mlitoka nyumba baada ya nyumba mkatufuata, na kina mama mlikuwa mmekwisha kuanza kulia tangu kona ya kwanza. Hata Docteur alikuja, kwa heshima ya msiba, akasimama nyuma amevua kofia. Nawashukuru. Sijawahi kuwashukuru.

Niliingia, nyinyi mkabaki nje. Opereta, dada mmoja mpole, akanipa kiti. Sauti ya mtu wa Bujumbura ilikuja imejaa kelele, anasoma karatasi aliyotumiwa kutoka kaskazini:

"Kwa Kashindi. Vimelea wa chaza na vimelea wa matumbawe wametofautiana, gamba la kila mmoja linafanana na la mwenyeji wake. Vya kuku vimekubaliana na vile saba. Ulifikiri sawasawa. Ndio mwisho."

Nje mlikuwa mnalia kwa sauti. Docteur aliingiza kichwa mlangoni. "Wamesema nani?" akauliza kwa upole. "Ni nani amefariki?"

Nikamgeukia opereta. "Mwambie arudie."

"Hukusikia, Papa?"

"Nilisikia," nikasema. "Arudie."